Edwin Holmes: Muuza nyuzi aliyetaka kujua kama mlango umefungwa au umeshindikwa

WATU wengi wakisema wamefunga mlango huwa wanasema mambo mawili kwa neno moja. Kuna aliyeushindika tu, yaani ameurudisha hadi mwisho bila kutia komeo wala kufuli, na kuna aliyeukomea kweli. Kwa anayetazama kutoka mbali, milango hiyo miwili inafanana. Mlango wa reli, ule wa kusukuma pembeni unaotumika kwenye maghala na siku hizi hata kwenye maduka ya vioo na alumini, ndio mdanganyifu kuliko yote. Ukishasukumwa hadi mwisho unakaa umetulia kama uliofungwa, kumbe kitasa chake hakijashika.

Katika msimu wa korosho jambo hilo si dogo. Mkulima wa Mkunya, au wa kijiji kingine chochote cha Newala na Masasi, akishapeleka korosho zake kwenye chama cha msingi, anarudi nyumbani na karatasi mkononi. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/2008, mzigo hukaa ghalani ukisubiri mnada, na mpaka utakapouzwa bado ni mali ya mkulima. Anayelala usiku akiwa na mali ndani ya ghala si mtunza ghala peke yake. Ni mamia ya watu ambao hawana ufunguo, hawauoni mlango na hawana njia ya kujua kama jioni ile mwenye ufunguo aliukomea au aliushindika tu kwa haraka ya kuwahi gari.

Leo vipo vifaa vidogo vinavyoweza kulijibu swali hilo kwa kutuma ujumbe kwenye simu ya mkononi. Mafundi huviita sensa, na kwa Kiswahili cha vitabuni ni vihisi. Vifaa hivyo huuzwa kama vitu vipya vya nyumba za kisasa, lakini biashara yenyewe ina zaidi ya miaka 160, na aliyeijenga hakuwa mhandisi wala fundi umeme. Alikuwa mwenye duka la nyuzi, sindano na mahitaji mengine ya akina mama katika mji wa Boston nchini Marekani. Jina lake ni Edwin Holmes, na katika historia ya biashara ya ulinzi duniani ni jina kubwa.

Duka la nyuzi

Holmes alizaliwa mwaka 1820 huko West Boylston, katika jimbo la Massachusetts. Alipokuwa mtu mzima alihamia Boston na kuingia katika biashara ya rejareja. Bidhaa zake zilikuwa ndogondogo na za faida ndogo: nyuzi, sindano, vifungo, na fremu za waya zilizovaliwa ndani ya magauni mapana ya wakati ule. Mfanyabiashara wa namna hiyo anajulikana popote. Mtaji wake umelala kwenye rafu, na faida anaihesabu kwa senti.

Mwaka 1857 alifanya jambo ambalo wenzake wa sokoni bila shaka waliliona la ajabu. Alinunua haki ya uvumbuzi wa mtu mwingine. Bei inayotajwa ni dola 1,500, fedha nyingi sana kwa mwenye duka wa wakati ule. Tena mwaka huohuo Marekani ilikumbwa na mtikisiko mkubwa wa fedha, ambapo benki nyingi zilisimamisha kulipa kwa dhahabu na biashara nyingi zilianguka. Wengine walikuwa wakikusanya madeni yao, yeye akanunua karatasi.

Karatasi hiyo ilikuwa hataza iliyotolewa tarehe 21 Juni 1853 kwa Augustus Russell Pope, mchungaji wa kanisa huko Somerville, jirani na Boston. Mchungaji Pope alikuwa amebuni kengele ya umeme ya kugundua wezi. Ni mtambo ambao mkulima yeyote aliyewahi kufungua tochi na kuona springi yake ataufahamu kwa haraka.

Kwenye fremu ya kila mlango na kila dirisha iliwekwa springi ndogo ya chuma. Mlango ukiwa umefungwa huibana springi hiyo isigusane na chuma kingine, na kwa hiyo umeme haupiti. Mlango ukifunguliwa, springi inaachiwa, vyuma vinagusana na umeme unapita kwenye waya hadi chumba cha kulala. Huko kuna sumaku inayotengenezwa kwa waya uliozungushwa kwenye chuma. Umeme ukifika, sumaku hiyo inavuta nyundo na kengele inalia. Hakukuwa na umeme wa gridi. Mtambo wa kuzalisha umeme ambao Thomas Edison aliufungua New York kwa ajili ya kuuza umeme kwa wateja ulikuja mwaka 1882, karibu miaka 30 baadaye. Kengele ya Mchungaji Pope ilitumia betri za wakati huo, yaani vyombo vyenye metali na maji ya kemikali. Jambo hilo linafaa kuzingatiwa na wanaodhani kuwa kijiji kisichofikiwa na nguzo za umeme hakiwezi kuwa na kifaa cha aina hii.

Pope alifariki mwaka 1858 bila kuona kengele yake ikisambaa. Alikuwa amejibu swali la kifundi. Maswali ya biashara, kwa mfano nani atainunua, nani ataifunga, nani atairekebisha ikiharibika na mteja ataaminije kuwa inafanya kazi, yalibaki kwa muuza nyuzi.

Kijumba cha mfano

Tatizo la kwanza la Holmes lilikuwa waya. Wakati huo waya wa umeme wenye ganda la kuukinga haukuwa bidhaa ya kuingia dukani na kuagiza mita hamsini. Matumizi makubwa ya umeme yalikuwa telegrafu, ambayo nyaya zake zilipita wazi juu ya nguzo. Ndani ya nyumba ya mbao, huku nyaya zikipita nyuma ya kuta na chini ya sakafu, ilibidi kila waya uvikwe, na kitu kilichopatikana cha kuuvika kilikuwa uzi wa pamba. Kwa mtu aliyetumia miaka mingi kati ya nyuzi na waya za magauni, hilo halikuwa somo geni. Mara nyingi elimu ya biashara ndogo inaonekana haina thamani mpaka siku inapohitajika mahali pengine.

Kazi ya vifaa aliipeleka kwenye karakana ya Charles Williams, namba 109 mtaa wa Court, Boston. Karakana hiyo ilikuwa ikitengeneza vifaa vya telegrafu na kupokea kazi za wavumbuzi mbalimbali. Msomaji aikumbuke, kwa maana baadaye itamrudishia Holmes mara nyingi zaidi ya alichowahi kulipa pale.

Tatizo la pili lilikuwa wateja. Boston ulikuwa mji wa watu waangalifu na biashara haikwenda kwa kasi aliyoitaka. Mwaka 1859 Holmes alihamia New York kwa hoja ambayo ni ya kiuchumi kabisa: dawa huuzwa penye ugonjwa, na kwa maoni yake wezi wengi wa nchi ile walikuwa New York, kama walivyokuwa matajiri wengi. Kuhama na biashara changa kwenda mji usiokufahamu ni hatari, lakini alikuwa ameshafanya hesabu ya soko lake na hakuona sababu ya kulisubiri limfuate.

Huko nako walimshangaa. Watu hawakuamini kuwa dirisha likifunguliwa chini, kengele inaweza kulia ghorofani bila kamba yoyote kuvutwa. Hakuwa na namna ya kuwaeleza wakamwelewa, kwa sababu umeme wenyewe walikuwa hawajauona ukifanya kazi ndani ya nyumba. Ndipo akatengeneza kijumba cha mfano chenye milango na madirisha madogo, akakifunga nyaya na kengele, akawa anakibeba kwenda nacho kwa wateja. Mteja alifungua kidirisha kwa kidole chake mwenyewe na kengele ikalia. Akakifunga, akajaribu kingine. Maofisa ugani wanaopeleka mbegu mpya kwa wakulima wanajua kuwa shamba la mfano hufanya kazi kuliko semina tatu, na Holmes aliligundua hilo akiwa anatembea mitaani na kijumba mikononi.

Hata hivyo kilichowafanya wateja waendelee kumpenda hakikuwa kengele ya kushika wezi. Katika nyumba nyingi mwizi hakuja kabisa, kwa hiyo kengele haikupata nafasi ya kumkamata mtu. Thamani yake ilionekana kila usiku kwa jambo dogo zaidi. Mwenye nyumba alipopanda kulala na kuwasha swichi karibu na kitanda chake, kama kuna mlango au dirisha lolote lililoachwa wazi, kengele ililia palepale, na kisanduku kilichokuwa ukutani kikaonyesha ni upande gani wa nyumba. Hakuhitaji kuchukua taa na kuzunguka vyumba vyote. Ukimya wa kengele ulikuwa ripoti ya ukaguzi.

Hapo ndipo ilipo siri ya biashara ile, na wauzaji wengi wa vifaa vya ulinzi hata leo hawajaielewa. Mteja anayenunua kifaa cha kumkamata mwizi atakisahau baada ya miezi sita bila mwizi. Mteja anayenunua uhakika wa kila jioni anakitumia kifaa hicho mara 365 kwa mwaka.

Inaelezwa kuwa kufikia mwaka 1866, mwaka mmoja baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika Marekani, Holmes alikuwa amefunga kengele katika nyumba zipatazo 1,200 mjini New York.

Kengele kwenda kituoni

Soko la nyumba za matajiri lina mwisho wake, na Holmes aligeukia wenye maduka, maghala na benki. Huko alikuta tatizo jipya. Usiku ghala halina mtu, hivyo kengele ikilia humo ndani itamwamsha nani? Mwizi mwenye haraka kidogo anaweza kumaliza kazi yake huku kengele ikilia.

Jawabu lilikuwa kuvuta waya kutoka kwenye jengo la mteja hadi kituo kimoja, ambako mfanyakazi alikesha akiangalia nyaya za wateja wengi kwa pamoja. Katika miaka ya 1870 Holmes alijenga kituo cha namna hiyo New York. Mteja akawa hanunui tena mtambo na kubaki nao. Alilipia huduma, kipindi hadi kipindi, na kampuni ndiyo iliyobeba kazi ya kukesha, kukagua nyaya na kutuma watu panapotokea jambo. Kwa lugha ya uchumi, gharama kubwa ya mlinzi mmoja kwa kila duka iligeuka kuwa gharama ndogo ya mlinzi mmoja kwa maduka mengi. Vyama vya msingi vyenye maghala yaliyo karibu karibu vinaweza kuifikiria hesabu hiyo bila kwenda New York.

Kwa maghala na benki springi ya Mchungaji Pope peke yake haikutosha, kwa kuwa ilikuwa na udhaifu ambao mwizi mwenye akili angeugundua. Umeme wake ulipita pale tu mlango unapofunguliwa, kwa hiyo waya ukikatwa kabla ya hapo, kengele inanyamaza na mlango unafunguliwa kwa raha. Jibu la mafundi wa kengele lilikuwa kugeuza utaratibu: umeme upite wakati wote, na kukatika kwake ndiko kuwe ishara ya hatari. Mlango ukifunguliwa umeme unakatika, na waya ukikatwa umeme unakatika vilevile. Mkesha wa kituoni anaona yote mawili. Kanuni hiyo bado inatumika, na anayenunua kifaa cha kisasa anapaswa kumuuliza muuzaji swali hilohilo: kifaa hiki kikiishiwa betri au kikikatwa, nitajulishwa au nitaona kimya na kudhani mambo ni salama?

Holmes alikwenda mbali zaidi kwa benki. Kampuni yake ilitengeneza makabati yaliyozunguka sefu, ambayo kuta zake zilikuwa na njia za umeme ndani, hivyo kwamba aliyejaribu kutoboa tundu popote alikuwa anagusa kengele.

Mchana simu, usiku kengele

Mwaka 1876 Alexander Graham Bell alipata hataza ya simu ya kuongea. Vifaa vyake vya majaribio vilitengenezwa kwenye ileile karakana ya Charles Williams, ambako msaidizi wake, Thomas Watson, alikuwa fundi. Kwa Holmes na mwanawe, Edwin Thomas Holmes, aliyekuwa akiendesha biashara ya kengele mjini Boston, habari za simu hazikuja kwa gazeti. Zilitoka kwa mafundi wao wenyewe.

Simu ya mwanzo ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa: ilihitaji waya kutoka kwa anayeongea hadi kwa anayesikiliza, na hakuna mtu aliyekuwa na nyaya zilizounganisha biashara nyingi za mjini na sehemu moja. Hakuna, isipokuwa kampuni ya kengele. Mwezi Mei 1877 Holmes mtoto alipewa simu za majaribio, akaziunganisha kwenye nyaya za wateja wake wa kengele mjini Boston, wakiwemo wa benki, na kutengeneza ubao wa kuunganishia simu kwenye ofisi yake. Mchana nyaya zilibeba sauti za watu. Jioni maofisi yakifungwa, nyaya zilezile zilirudi kazini kulinda milango. Ubao huo huhesabiwa kuwa wa kwanza wa aina yake kwa simu.

Ni vigumu kupata mfano mzuri zaidi wa kutumia rasilimali moja mara mbili. Waya ulikwisha kulipiwa na kengele, na kila senti ya simu ilikuwa nyongeza. Mkulima anayepanda mbaazi au kunde chini ya mikorosho michanga anafanya hesabu ya jamii hiyohiyo, palizi moja kwa mazao mawili.

Mwaka 1878 Holmes baba akawa rais wa kampuni ya simu ya Bell mjini New York. Hakukaa sana. Aliuza sehemu yake kwa dola 100,000 na katika mapatano hayo akabakiza kitu kimoja: haki ya kuendelea kutumia nyaya za simu kwa ajili ya kengele zake. Wapo watakaosema alikosea, kwa vile biashara ya simu ilikuja kuwa kubwa mara nyingi kuliko kengele. Wengine watasema muuza nyuzi alifahamu anachokijua na asichokijua, akachukua fedha na kubaki na njia. Inawezekana pande zote mbili zina haki. Kwa vyovyote, dola 1,500 za mwaka 1857 zilikuwa zimerudi.

Mwaka huohuo wa 1878 lilitokea jambo lililoonyesha mpaka wa vifaa vyote. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Oktoba genge la wezi liliingia benki ya Manhattan Savings Institution mjini New York na kuondoka na hati na fedha za thamani ya karibu dola milioni tatu, ingawa sehemu kubwa ilikuwa hati zisizoweza kuuzwa. Hawakuanza na sefu. Walianza na mtunza jengo, wakamfunga na kumlazimisha atoe namba za kufungulia. Kila kufuli lina mtu nyuma yake, na mara nyingi mtu huyo analipwa kidogo kuliko wote katika jengo.

Jina kwenye kufuli

Katika maisha ya Holmes alikuwapo Mmarekani mwingine wa rika lake aliyeshughulika na mlango uleule kwa upande wa pili. Linus Yale, aliyezaliwa mwaka 1821, alitengeneza kitasa cha pini ndogo na ufunguo bapa wenye meno, akapata hataza zake katika miaka ya 1860 na kufariki mwaka 1868. Kanuni ya kitasa chake ndiyo iliyomo katika makufuli mengi yanayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na jina lake bado limechongwa kwenye vitasa. Jina la Holmes halikuchongwa popote ambapo mnunuzi wa kawaida angeliona.

Watu hawa wawili walijibu maswali tofauti. Yale alihakikisha kuwa mlango uliokomewa haufunguki bila ufunguo. Holmes alihakikisha kuwa mlango uliofunguliwa unajulikana. Kati yao lilibaki pengo: kengele ya Holmes iliona mlango uliorudishwa, ikanyamaza, na wala haikuwa na habari kama kitasa cha Yale kimeshika au hakikushika. Mlango ulioshindikwa tu na mlango uliokomewa kwake vilikuwa kitu kimoja.

Holmes alifariki mwaka 1901 akiwa na umri wa miaka 80 hivi. Mwaka 1905 kampuni kubwa ya simu ya Marekani, AT&T, iliinunua kampuni yake ya kengele. Miaka 31 baadaye, mwaka 1936, mhandisi wa maabara za simu za Bell aitwaye Walter Ellwood alibuni swichi ndogo ambayo ilichukua nafasi ya springi ya Mchungaji Pope. Ni vipande viwili vyembamba vya chuma vilivyofungiwa ndani ya kijibomba cha kioo bila kugusana. Sumaku ikisogezwa karibu, vinavutana na kugusana, na ikiondolewa vinaachana. Hakuna springi ya kulegea, na vumbi haliingii.

Kijibomba hicho ndicho kilichomo ndani ya vihisi vingi vya milango vinavyouzwa leo. Kipande kimoja chenye swichi, betri na kitumia-mawimbi hubandikwa kwenye fremu, na kipande cha pili, ambacho ni sumaku tu, hubandikwa kwenye mlango. Mlango ukisogea, sumaku inaondoka, na habari inakwenda kwenye kengele au kwenye simu ya mkononi.

Kikibandikwa hivyo kwenye mlango wa reli, kifaa hicho kinarudia kosa la mwaka 1857. Sumaku nyingi hufanya kazi hata zikiwa sentimita moja au zaidi kutoka kwenye swichi. Mlango uliosukumwa ukabakiza upenyo wa kidole, au uliofika mwisho bila ndoano ya kitasa kushika, utaripotiwa kuwa umefungwa. Mwenye simu atalala kwa amani, na mtu wa nje ataufungua mlango kwa kiganja.

Dawa yake ni kukihamisha kihisi kutoka kwenye mlango kwenda kwenye komeo lenyewe. Kwa ghala lenye mlango wa bati na komeo la kusukuma, sumaku ndogo hufungwa kwenye komeo, na swichi huwekwa kwenye fremu pale ambapo komeo hufika likiwa limeingia lote. Komeo lisipofika, sumaku haifiki, na simu inasema hapana. Kwa mlango wa alumini wenye kitasa cha ndoano, fundi huweka swichi ndogo ya kubonyeza ndani ya tundu ambamo ndoano inaingia, ili ndoano yenyewe ikishika ndiyo iibonyeze. Anayetaka uhakika zaidi huweka vihisi viwili, kimoja cha mlango na kimoja cha komeo, na kuzisoma habari zao pamoja.

Kwenye milango ya bati na chuma kuna tahadhari nyingine. Chuma hupoteza nguvu ya sumaku, kwa hiyo sumaku isibandikwe moja kwa moja juu ya bati. Iwekewe kipande cha mbao au plastiki katikati, au itumike sumaku kubwa iliyotengenezwa kwa milango ya chuma. Reli nayo isafishwe, kwa sababu mchanga ukijaa kwenye reli mlango haufiki mwisho, komeo halilingani na tundu lake, na mtunza ghala aliyechoka huacha kulisukuma.

Ghala linaweza kuwa na kifaa hiki bila umeme wa gridi na bila intaneti. Vipo visanduku vyenye laini ya simu vinavyotuma ujumbe mfupi, na vinatumia betri inayochajiwa na paneli ndogo ya sola. Gharama yake ilinganishwe na thamani ya magunia machache ya korosho kwa bei ya msimu husika, si na mshahara wa mlinzi, kwa kuwa mlinzi bado atahitajika. Kazi ya kifaa ni kumwambia mlinzi, mwenyekiti wa chama na mjumbe mwingine mmoja jambo lilelile kwa wakati uleule. Ujumbe ukienda kwa mtu mmoja tu, ghala limerudi kwenye mikono ya mtu mmoja.

Siku ya kukifunga, kabla fundi hajalipwa, kuna jaribio moja la kufanya, nalo linafanana na lile la kijumba cha mfano. Mtu asukume mlango hadi mwisho lakini asitie komeo, kisha asimame nje na kusubiri. Simu ikisema mlango umefungwa, kihisi kimewekwa mahali pasipofaa, na fundi arudi kwenye ngazi yake.